Nani Kahamisha Sanduku la Risasi?

Jumatatu, 6 Machi

Sanduku halipo.

Naandika hivyo hivyo kwanza, nione likiandikwa linafananaje. Sanduku la risasi halipo stoo. Rafu ipo. Vipande vya mbao vya kuliinua vipo. Lenyewe — hakuna!

Nilikwenda asubuhi kubadilisha vifuko vya kunyonya unyevu. Kazi hii ni yangu tangu Mzee, mume wangu, alipostaafu uaskari wa wanyamapori akapewa kibali cha bunduki ya kufukuzia nguruwe shambani. Bunduki ni yake. Iko kwenye kabati la chuma chumbani, na ufunguo anao yeye. Risasi ni zangu. Yaani si zangu, ila kuzitunza ni kwangu. Ufunguo wa kufuli la sanduku ninao mimi, kwenye kopo la vifungo, na yeye hauulizi mpaka nguruwe waingie mahindi. Mwenyewe ndiye aliyepanga hivyo: bunduki na risasi hazilali chumba kimoja, na funguo zake hazikai mfuko mmoja. Mtu akipandwa na hasira au akielemewa na mawazo, lazima apite kwa mwenzake kwanza. Na mimi nimtazame uso kabla sijampa.

Halafu unyevu. Lo, unyevu! Mwanamume huyu hajawahi kunisema kwa chumvi kuzidi, lakini kwa unyevu hana mswalie Mtume. Unyevu ndio adui, Fundi. (Ananiita Fundi kwa sababu nashona sare za shule.) Risasi ukizitunza pakavu, pa baridi, gizani, zitatuzika sisi wote wawili. Ukizilaza penye unyevu zinaota kutu, na risasi yenye kutu hujui itakufanyia nini. Basi mimi hukusanya vile vijiwe vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu vipya, nikavishonea vifuko vya kitambaa, nikavitia sandukuni na kufunga kifuniko chenye mpira. Vikishakunywa unyevu navitoa, navikausha kwenye oveni iliyozimwa ikiwa bado na vuguvugu la mkate, navirudisha. Kila msimu wa mvua. Sijawahi kuruka.

Nimemwuliza Mzee: sanduku umelipeleka wapi? Alikuwa anakunywa chai. Akasema ah, kweli, alilihamisha, stoo ukuta unavuja. Wapi? Akajikuna kichwa. Akasema amesahau.

Amesahau! Mtu anayekumbuka namba ya gari la kazi aliloendesha ujanani! Nimebaki nimesimama na vifuko vyangu mkononi, sijui nicheke au nipige kelele.

Jumanne, 7 Machi

Tumetafuta nyumba nzima. Uvunguni. Nyuma ya magunia. Ndani ya pipa la unga — ndiyo, hata humo, nimetoka mweupe mpaka kope. Mzee anatafuta pole pole, anafungua mlango, anachungulia, anafunga. Utafutaji gani huo? Nikamwambia kama umesahau ulipoliweka, basi tafuta kama mtu aliyesahau! Akacheka. Mimi sikucheka.

Mara mbili nimeelekea chumba cha wageni, mara mbili ananiita. Mara chai imechemka, mara kuku wameingia bustanini. Hakukuwa na kuku.

Kinachonitia kiwewe ni huyu mjukuu. Binti yetu anakuja Jumamosi ya wiki ijayo na Tingatinga wake. Tumempa jina hilo kwa sababu ameanza kutembea na hakuna kinachobaki kimesimama. Kila droo yake, kila kifuniko chake, kila kitu mdomoni. Mara ya mwisho alimeza kifungo cha sare, tukakesha roho mkononi. Sasa nyumba ina sanduku la risasi ambalo hakuna ajuaye liko wapi. Na kufuli je? Limefungwa? Ufunguo uko kwenye kopo langu. Kwa hiyo alilihamisha likiwa limefungwa. Sawa. Lakini vifuko vipo mkononi mwangu, vikavu. Nilivitoa lini?

Nilivitoa lini kweli? Mbona sielewi. Labda hivi ni vile vya akiba.

Mzee juzi aliweka miwani ndani ya friji. Mwezi uliopita alimwita binti kwa jina la dada yake marehemu. Nilidhani ni mambo ya uzee tu, sote tunateleza. Kumbe yamefika huku. Naogopa.

Jumatano, 8 Machi

Nimempigia simu binti. Nimemwambia baba yako anasahau, na safari hii amesahau risasi.

Akauliza maswali mengi, kama yuko kazini. Ananiuliza analala vizuri? Anapotea njia? Anarudia maneno? Nikamjibu ndiyo, hapana, kidogo. Mwishoni akasema basi, akija atamchukua. Karibu na kwake kuna daktari wa mambo hayo, na kile chumba kidogo cha nyuma kina kitanda. Nikasema na mimi? Akasema Mama, chumba ni kimoja, kitanda cha mtu mmoja, wewe una kazi zako za sare na nyumba haiwezi kuachwa. Tutaona mbele ya safari, akasema. Baba kwanza.

Nimekata simu. Nilitaka msaada wa kutafuta sanduku, nimeishia kumtoa mume wangu nyumbani kwake! Tumelala kitanda kimoja maisha yetu yote ya utu uzima. Huyu mtu hawezi hata kupata usingizi bila kunisikia nikinung'unika.

Mzee alikuwa mlangoni. Sijui amesikia kiasi gani. Akasema umefanya vizuri kumwambia. Akasema ni kweli, kichwa chake siku hizi si kile.

Alisema kirahisi mno. Mzee hajawahi kukubali kosa bila kulipigania.

Ijumaa, 10 Machi

Leo aibu. Mwalimu mkuu amekuja kuchukua makoti ya shule. Akamvalisha mtoto mmoja kujaribu, mtoto akasimama kama amekunjwa. Mikono yote miwili ya kushoto! Nikatazama la pili. Kushoto, kushoto. La tatu hivyo hivyo. Yote.

Mwalimu mkuu akacheka, akasema Mama siku hizi unawashonea watu gani. Nikacheka naye. Nikasema ni uchovu, tuna mambo nyumbani. Alipoondoka nikakaa kwenye kiti cha mashine na mguu haukanyagi. Nimeshona makoti tangu kabla mwalimu huyu hajazaliwa. Mikono ile mimi naikata hata nikiwa nimefumba macho. Je, ndiyo nilikuwa nimefumba?

Mzee akaja, hakusema kitu, akachukua wembe akaanza kufumua. Anajua kufumua! Anafumua taratibu, ulimi nje, anang'oa uzi mmoja mmoja. Nikamwuliza umejifunza lini? Akasema nimeishi na fundi, au sijaishi? Tukafumua makoti yote mpaka jua likazama. Nilijisikia vizuri. Karibu nisahau ninahangaikia nini.

Sanduku. Bado.

Jumapili, 12 Machi

Nimelipata!

Mzee alikwenda shambani kutazama uzio. Nikaingia chumba cha wageni moja kwa moja, hakuna wa kuniita chai. Nikafungua kasha la mablanketi. Blanketi, blanketi, shuka — chuma. Kufuli lake. Pakavu, pa baridi, mbali na dirisha, mbali na bunduki. Mahali pazuri sana. Hapo hapo nikaanza kuchanganyikiwa zaidi. Mtu aliyepoteza kumbukumbu huweka kitu mahali pazuri hivyo?

Nikalitoa. Rangi yake ya kijani imevimba upande wa chini, imefanya malengelenge. Nikaligeuza. Chini kuna mistari. Mistari myeusi iliyonyooka, imepangana sawasawa, kama daftari la shule. Nimekaa sakafuni nikiitazama mistari ile, najua nimeiona mahali.

Nikachukua tepu yangu ya kupimia. Mstari hadi mstari. Kisha nikaenda jikoni, nikavuta waya wa oveni, ule wa kuwekea mkate. Nikapima.

Imelingana.

Sanduku la risasi limekaa ndani ya oveni! Mungu wangu. Ndani ya oveni, juu ya waya, kama mkate.

Nikarudi na ufunguo, nikafungua. Risasi ziko kwenye pakiti zake. Na vifuko vimo, vipya. Kitambaa ni changu, bluu ya sare, lakini mshono! Mishono mirefu, mirefu, imekwenda upogo, fundo kubwa mwishoni kama la kamba ya mbuzi. Hiyo si kazi yangu hata nikiwa na homa. Huo ni mkono wa mwanamume aliyejificha na sindano.

Kwa hiyo Mzee ameshona vifuko. Kwa nini Mzee ashone vifuko? Si kazi yangu? Nimekaa hapo mpaka miguu ikafa ganzi. Halafu nikarudisha kila kitu, blanketi juu, kana kwamba sikuona. Sijui kwa nini nimefanya hivyo.

Jumatatu, 13 Machi

Sikuweza kuvumilia. Asubuhi tu, kabla hajanawa uso, nikamwuliza: sanduku liliingia oveni. Nani?

Akasema mimi.

Wewe?

Mimi, Fundi. Nilitaka kulikausha. Nilichanganyikiwa.

Nikamwambia haya, twende jikoni, nioneshe oveni inavyowashwa. Akanifuata na kikoi chake. Akasimama mbele ya oveni, akaitazama kama mtu aliyesimamishwa na polisi. Akasema unazungusha hapa. Akazungusha kengele ya dakika! Oveni ikaanza kulia tik tik tik. Nikacheka. Nilicheka mpaka nikashika meza. Miaka yote hiyo ya kula mkate na hajui hata unatokea wapi! Naye akacheka.

Halafu nikaacha kucheka.

Nikamwambia kama uliliweka wewe, nani alilitoa? Akasema yeye. Nikasema mtu aliyechanganyikiwa kiasi cha kuweka risasi kwenye oveni, aliamkaje ghafla akazitoa, akazificha mahali pazuri, akazishonea na vifuko? Akasema haikuwa imewashwa, Fundi. Ilikuwa na joto la mkate tu. Nililiona mapema. Nililitoa mapema, hakuna kilichoharibika.

Nililiona, alisema. Mtu haoni alichoweka mwenyewe. Nikamwuliza: uliliona? Akasema anakwenda kuwatazama kuku.

Kwa hiyo ni nani? Nyumba hii tuko wawili. Mimi ndiye ninayekausha vifuko kwenye oveni. Je, nilitaka kukausha vifuko nikaingiza sanduku zima? Nimetafuta kichwani kama nilivyotafuta uvunguni. Hakuna kitu. Naona mkate. Naona nikifunga mlango wa oveni. Mkono unafunga, lakini ndani kuna nini, sioni.

Nimelia kidogo, kwenye kitambaa cha sare. Kisha nikakifua.

Jumatano, 15 Machi

Leo tumelipatia sanduku makao mapya. Kabati la ukumbini, ukuta wa ndani usiovuja wala kupigwa jua. Rafu ya chini, maana mgongo wa Mzee haunyanyui tena vitu vizito. Ametoa pakiti zilizokuwa upande wa malengelenge, akaziweka peke yake humo humo sandukuni, akazifunga na kitambaa chekundu. Risasi iliyopata joto haiaminiki, anasema, hata ikionekana nzima. Amepiga simu kituo cha polisi. Ofisa atakuja Jumatatu kuzichukua zikaharibiwe.

Mambo yalikuwa mazuri mpaka hapo. Kisha akasema, taratibu, kama anaomba chumvi: Fundi, ule ufunguo nipe nikae nao mimi.

Nikasema zote mbili? Mfuko mmoja?

Akasema kanuni nilitunga mimi, naweza kuibadilisha.

Weee! Nilipandisha sauti mpaka jirani akachungulia. Nikamwambia wewe ndiye uliyenifundisha, wewe ndiye uliyesema mtu apite kwa mwenzake. Nikikupa ufunguo, wewe utapita kwa nani? Nani atakutazama uso? Na wewe ndiye unayesahau, umekiri mwenyewe mbele yangu na kwa binti yako! Mtu anayesahau ndiye apewe funguo zote?

Akafungua mdomo. Nilimwona ana jibu. Lilikuwa pale, limefika kwenye meno. Akalimeza. Akasema haya, kaa nao, Fundi, ila kila ukifungua niite nikushikie kifuniko. Nikasema mimi si mtoto.

Nimeshinda. Lakini tangu mchana sijisikii kama mtu aliyeshinda.

Ijumaa, 17 Machi

Kesho wanakuja. Nimefua mapazia. Nimeficha vifungo, sindano, sumu ya panya. Ufunguo uko kwenye kopo. Nimeangalia.

Nilikuwa na jambo la kumwambia binti. Kubwa. Linahusu oveni — imeharibika? Hapana, inaoka vizuri. Litanijia.

Nimeangalia tena. Ufunguo uko.

Nitaangalia na sanduku lenyewe, niwe na amani.

Jumamosi, 18 Machi

Wamefika. Tingatinga ameota meno ya mbele na ana mashavu, ah, unaweza kuyala. Ameingia, ameangusha kiti, amenikumbatia goti. Nyumba ikachangamka. Binti amekonda. Anamtazama baba yake kwa pembe ya jicho, anamtazama anavyomimina chai, anavyofunga kamba za viatu. Mzee anamimina nje ya kikombe. Hakuwa anamimina nje ya kikombe jana.

Sasa niandike hili lililotokea. Niliandike vizuri.

Tulikuwa mezani. Nikasema mtoto yuko wapi? Kimya. Mtoto akinyamaza ujue kuna kazi. Tukainuka wote. Mlango wa kabati la ukumbini uko wazi. Tingatinga ameketi juu ya sanduku, anapiga miguu, ding, ding, ding. Kufuli limening'inia wazi. Ufunguo haumo kwenye kufuli. Uko mdomoni mwake, anaunyonya.

Binti alipiga ukelele! Mzee alishafika. Sikujua mgongo ule bado unaweza kukimbia. Akamnyanyua mtoto kwa mkono mmoja, akauchomoa ufunguo kwa kidole, akalisukuma sanduku kwa mguu. Kifuniko hakikuwa kimefunguliwa. Mpira ulikuwa bado umeuma. Hakuna risasi iliyotoka, hata moja. Mtoto akalia kwa kunyang'anywa ufunguo wake. Ni hilo tu alilolilia.

Binti anauliza nani? Nani ameacha hivi? Nikafungua mdomo. Na kweli, sikujua nataka kusema nini. Ufunguo uko kwenye kopo, niliangalia! Niliangalia na nikaangalia tena, na nikaenda kuliangalia sanduku, na...

Mzee akasema mimi. Kwa sauti kubwa, kama yuko gwaride. Nilifungua jana kuziangalia, nikasahau kufunga. Samahani mwanangu. Unaona mwenyewe nilivyo.

Binti akakaa sakafuni, amemkumbatia mtoto, analia. Akasema Baba, unakuja na mimi. Hakuna mjadala. Mzee akasema tutazungumza kesho. Akanitazama juu ya kichwa cha binti, akatikisa kichwa kidogo hivi, hapana. Hapana nini?

Nimekaa na hasira naye mchana kutwa, halafu hasira inayeyuka, sijui namkasirikia kwa lipi. Ni yeye aliyefungua? Ufunguo anao mimi. Ninao mimi. Ndiyo.

Jumanne, 19 Machi

Yule ofisa aliahidi Jumatatu na hakutokea. Watu wa ofisi ndivyo walivyo, ahadi tamu, miguu mizito! Sanduku bado liko ukumbini. Mzee amelifunga yeye, funguo zote mbili amezivaa shingoni kwa kamba ya kiatu. Kanuni imevunjika. Nimemwacha.

Binti naye kachanganyikiwa na haya mambo, maskini. Asubuhi ananiambia kesho Jumatatu lazima awe kazini, kwa hiyo leo leo tuamue. Sikumsahihisha. Ana mawazo mengi, na mtoto hajamwacha alale.

Baada ya chakula akatuketisha mezani kama wanafunzi. Amepewa maswali na daktari kwa simu, anasema ni mepesi, ni ya kuanzia tu. Anasema tujibu wote wawili ili Baba asijisikie vibaya. Nikaona vizuri. Mzee alikuwa anamenyea mtoto chungwa.

Akaanza na mimi. Nataja majina ya watoto wangu. Nataja kazi yangu. Nikajibu haraka haraka, nikamtania kwamba hata mwalimu mkuu hajawahi kunitahini hivi. Akatabasamu. Akasema na leo ni siku gani, Mama?

Swali gani hilo! Jumanne, nikamwambia.

Tabasamu likakaa usoni pake, lakini macho yakatoka. Akasema fikiri kidogo, Mama. Nifikiri nini? Jumanne. Akageuka, pole pole, akamwuliza baba yake. Baba, leo siku gani?

Mzee hakuinua kichwa. Alitoa mbegu ya chungwa, akaiweka ukingoni mwa sahani, akampa mtoto kipande. Akasema Jumanne. Kama alivyosema mama yako.

Nikasema unaona? Tumefaulu wote.

Binti akasema Baba, wewe unajua. Baba, tafadhali. Asubuhi umenisimulia taarifa za redio, umenitajia mpaka tarehe. Mzee akasema najua nini? Mimi ni mgonjwa, mwanangu, nimesahau risasi, nimemwacha mjukuu wangu akae juu yake. Andika Jumanne. Kisha akasema jambo jingine kwa sauti ya chini, nikalisikia hivi hivi: kwamba wagonjwa wa aina moja hawatenganishwi, wanapelekwa pamoja au wanaachwa pamoja, achague.

Binti akaweka kalamu. Akainuka akatoka nje na simu. Namsikia hapo kwenye ngazi, anazungumza na mumewe, anasema siyo yeye, siyo yeye peke yake, chumba kimoja hakitoshi. Sauti inakatika. Tingatinga anapiga sahani na kijiko.

Mzee amevuta kiti chake mpaka hapa kando ya mashine, ninapoandika. Haangalii ninachoandika, hajawahi. Nimemwuliza kwa kunong'ona: tumekosa? Akasema hatujakosa. Nikamwuliza: kwani leo si Jumanne? Akasema kama wewe uko Jumanne, Fundi, na mimi niko Jumanne.

Sijaelewa. Nitamwuliza tena. Binti bado yuko nje, amekaa tu na simu mkononi.